Sura ya Saba: Merikebu Iliyotoka Gudini

Nilipokuwa mtoto Mombasa, katika siku ambazo Bandari ya Kale ilikuwa bado ikijaa majahazi kila ufikapo msimu wa kaskazi, mjomba wangu alikuwa fundi wa kalafati, na mara nyingi nilifuatana naye ufukweni maji yakiwa yamekupwa, chombo kimelazwa ubavu juu ya magogo, nikatazama namna alivyosokomeza pamba iliyorowa mafuta baina ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti, kuanzia omo mpaka tezi, pasipo haraka, akinyamaza kila baada ya mapigo machache ili asikilize. Siku moja aliniita. "Njoo, mjomba, tega sikio hapa," akaniambia, nami nikaubandika uso wangu penye mbao zilizonuka sifa ya papa, naye akagonga mara moja mahali alipokwisha kutia kalafati, sauti ikaja kavu na kamili kama ya ngoma iliyowambwa vyema. Kisha akagonga mahali ambapo mkono wake haujafika bado, ikaja sauti ya kukwaruza. "Ubao ulioshiba hulia," akasema, "wenye njaa hukohoa." Baada ya siku chache chombo kilipakwa shahamu chini na rangi juu, kikashushwa kwa maji ya bamvua, na abiria waliosafiri nacho mwezi wa pili yake waliisifu rangi ya omo na weupe wa tanga, wala hapana hata mmoja aliyeuliza habari ya pamba.

Nimemkumbuka mjomba wangu mara nyingi tangu hapo, kila nisomapo tangazo kwamba merikebu fulani ya anasa imetoka gudini na sasa imekuwa mpya, kwa maana matangazo ya namna hiyo husimulia mazulia na mapazia, vitanda na vioo, yakaliacha kando lile ambalo msafiri wa baharini anapaswa kulijua kabla ya yote, nalo ni hali ya chombo chenyewe. Nia yangu katika sura hii ni kumpandisha msomaji merikebuni, nimwonyeshe atakayoyakuta, yanayong'aa na yasiyoonekana. Na ili maneno yangu yasielee hewani nimechagua merikebu moja, nayo ni Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyotengenezwa upya kule Hamburg, Ujerumani, mwaka 2016, kwa gharama iliyozidi pauni milioni 90 za Kiingereza.

Yafaa kwanza tuijue nasaba yake. Samuel Cunard, mfanyi biashara wa Halifax huko Kanada, alianzisha safari zake za merikebu za moshi mwaka 1840 kwa ajili ya kupeleka barua za Waingereza ng'ambo ya Atlantiki, na merikebu yake ya kwanza katika kazi hiyo, Britannia, ilikuwa ya mbao, yenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni, urefu wake mita 63, na juu ya sitaha yake alifungwa ng'ombe ili abiria wapate maziwa. Charles Dickens, mtunzi mashuhuri wa Kiingereza, alisafiri nayo mwezi wa Januari 1842, akaandika baadaye jinsi alivyostaajabia udogo wa chumba alichopewa. Queen Mary 2 ina urefu wa mita 345. Iliundwa Saint-Nazaire, katika pwani ya magharibi ya Ufaransa, kwa ramani za mhandisi Mwingereza Stephen Payne, na Malkia Elizabeth wa Pili akaipa jina lake mjini Southampton tarehe 8 Januari 2004. Lakini haikuondoka Ufaransa bila kilio: tarehe 15 Novemba 2003, ilipokuwa imekaribia kumalizika, mafundi na jamaa zao walialikwa kuja kuitazama, na daraja walilokuwa wakilipitia kuingia ndani likaporomoka, wakafa watu 16. Nawataja hapa kwa sababu mtu akanyagaye zulia la merikebu ile anakanyaga kazi ya mikono ya watu hao na wenzao, na si haki tuihesabu fahari yake tusiwahesabu wao.

Merikebu nyingi za anasa za siku hizi zimeundwa kwa ajili ya bahari za joto, ziondoke bandarini jioni, zizunguke visiwa, zirejee zilikotoka, na dhoruba ikija ziikwepe. Queen Mary 2 ni ya ukoo mwingine. Imeundwa ili iivuke Atlantiki ya kaskazini wakati wowote wa mwaka, hata katika baridi kali, kwa tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo omo yake ni ndefu na yenye makali, chuma chake ni kizito kupita cha merikebu ya kawaida ya matembezi kwa kadiri ya asilimia 40, na mashua zake za kuokolea zimetundikwa juu zaidi kuliko desturi ili mawimbi yasizifikie. Hofu hii ya mawimbi ina sababu. Septemba 1995 merikebu iliyoitangulia, QE2, ilipokuwa ikivuka bahari hiyohiyo katika kimbunga, ilikabiliwa na wimbi lililokadiriwa kuwa na urefu wa mita 29, nayo ikalipokea kwa omo na kuokoka; na nahodha wake siku ile, Ronald Warwick, ndiye aliyekuja kuwa nahodha wa kwanza wa Queen Mary 2. Nahodha wa jahazi letu, lau angeteremshwa chini ya tezi ya chombo hiki, angeutafuta usukani asiuone, maana hakuna: zipo rafadha nne zilizoning'inia chini ya maji, kila moja ndani ya tumbo lake la chuma pamoja na mota yake ya umeme, mbili zimekazwa mahali pamoja na mbili zazunguka pande zote, na kwa kuzielekeza hizo merikebu hugeuzwa hata mahali finyu.

Sasa tuingie gudini. Gudi la Hamburg liitwalo Elbe 17 lina urefu wa mita 351, yaani chombo cha mita 345 kikiisha kuingia, nafasi iliyobaki mbele na nyuma haitoshi kulaza ngalawa. Merikebu huingizwa maji yangali yamejaa, mlango ukafungwa nyuma yake, maji yakavutwa na mabomba, nayo ikateremka polepole hata ikakalia matofali makubwa yaliyopangwa chini ya mkuku. Na hapo, kwa mtu wa pwani, pana jambo la kumgusa moyo, kwa sababu kitu kikubwa kama mtaa mzima kinakaa palepale lilipokaa jahazi la mjomba wangu, juu ya magogo, uchi, tumbo lake liking'aa maji. Sheria za kimataifa za usalama wa maisha baharini zalazimisha kwamba tumbo la merikebu ya abiria likaguliwe gudini angalau mara mbili katika kila muda wa miaka mitano, na hapo ndipo mwani na chaza hukwanguliwa, rangi ya kuwafukuza hao hupakwa upya, na rafadha huchunguzwa. Maana tumbo lililoota mwani hukikokota chombo nyuma, na mafuta huteketea bure.

Kazi yote ile ilipewa siku 25. Msomaji aliyepata kujenga japo nyumba ya vyumba vitatu atajua maana ya muda huo. Sababu ni kwamba merikebu iliyoketi gudini hailipi hata senti, na tikiti za safari ya kwanza baada ya kazi zilikwisha kuuzwa siku nyingi. Basi mafundi wa karakana ya Blohm+Voss na wenzao walipokezana usiku na mchana, seremala akipishana na fundi wa umeme mlangoni, na huku mabaharia wa merikebu wakiendelea kuishi humohumo na kuilinda isipatwe na moto, ambao ni adui mkubwa wa chombo kilichojaa cheche za kuunganishia chuma. Ndiyo maana namshauri msafiri mwenye hiari asikate tikiti ya safari ya kwanza kabisa baada ya gudi, wala ya pili. Merikebu yoyote ikitoka katika kazi kama hiyo huhitaji majuma machache mabomba yake yazoee, milango yake ikae sawa, na watumishi wake wajifunze vilipohamishiwa vitu. Huu si upungufu wa mtu, ndiyo tabia ya kila chombo kilichofunguliwa na kufungwa tena.

Nilipanda katika safari moja ya Julai kutoka Southampton kwenda New York. Jambo la kwanza kwa kila abiria, kabla ya chai, kabla ya kufungua sanduku, ni mazoezi ya kujiokoa. Hapo zamani kampuni nyingi ziliweza kuyaahirisha mpaka siku ya pili, lakini tangu Costa Concordia ilipogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, mwezi wa Januari 2012, wakafa watu 32, kampuni za merikebu zilikubaliana kwamba mazoezi yatangulie kung'oa nanga. Nakuomba, msomaji, usiyafanye kama mtu anayemridhisha askari. Tembea kwa miguu yako kutoka chumbani mpaka mahali pako pa kukutania, hesabu milango, kumbuka ngazi zinapoanzia. Baada ya hapo waweza kustarehe kwa haki.

Habari za vyumba ndizo nilizotaka kuzisimulia kwa urefu. Katika kazi ya mwaka 2016 viliongezwa vyumba 50, na kati yake vilivyonigusa si vile 30 vyenye baraza la kutazamia bahari bali 15 vya mtu mmoja, ambavyo merikebu hii haikuwa navyo kabla ya hapo. Msafiri wa pekee amedhulumiwa muda mrefu katika biashara hii: vyumba huuzwa kwa watu wawili, na mjane, au mzee ambaye watoto wake wametawanyika, aghalabu hulipishwa karibu bei ya nafsi mbili kwa sababu tu ya kulala peke yake. Chumba cha mtu mmoja kina kitanda, meza, kabati, na dirisha pana, na humo ndimo nilimojua thamani ya kazi ile.

Siku ya pili, penye lifti, nilimkuta bibi mmoja aliyejifunga mtandio wa kijani juu ya baibui, akisoma vibao vya kuta kwa sauti ya chini ya Kiswahili. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akageuka kama aliyeitwa na mtu wa nyumbani kwake. "Marahaba, mwanangu! Na wewe umetokea wapi?" Alikuwa mwenyeji wa Unguja, mtaa wa Malindi, aliyekaa Uingereza zaidi ya nusu ya umri wake, mumewe alikwisha kufariki, binti yake aliolewa New Jersey, na yeye tangu ujana hakubali kupanda ndege. Miaka yote, akaniambia, alitaka kwenda kumwona mjukuu, na kila akiuliza bei aliambiwa alipie kitanda ambacho hapana mtu wa kukilalia. Akanionyesha chumba chake, mlango ameuacha wazi kwa adabu, mimi nimesimama nje. Juu ya meza alipanga msahafu, chupa ya maji ya waridi, kikopo cha karafuu na tangawizi, na saa yake ya mkononi ameiegemeza kwenye taa. "Hiki changu," akasema, akikigusa kitanda kwa kiganja. "Changu peke yangu."

Kwa msomaji Mwislamu, ambaye huenda akajiuliza atasali vipi katika nyumba inayokwenda, nitasema yaliyonifaa. Katika safari ya kwenda Marekani, merikebu ikielekea magharibi, kibla huwa upande wa tezi kwa kadiri ya kutosha, na mtu akishajua chumba chake kimekaa ubavu gani hapati tabu. Atakaporudi, kibla kitakuwa upande wa omo. Nyakati ndizo za kuangaliwa sana, kwa kuwa merikebu hulifuata jua na saa hurudishwa, na ratiba aliyotoka nayo bara haimfai tena siku ya tatu. Kuhusu chakula, aonane na mkuu wa watumishi wa mezani siku ileile ya kwanza, amweleze bila haya. Samaki na mboga ni tele, na jambo likisemwa mapema hushughulikiwa kwa heshima.

Humo mezani, hata hivyo, msafiri atakutana na kitu ambacho rangi mpya haikukifuta, nacho ni daraja. Mahali mtu alapo hufuata bei ya chumba chake: wengi hula katika ukumbi mkubwa uitwao Britannia, wenye ngazi pana na dari refu, na wale wa vyumba ghali hula katika kumbi zao mbili za faragha, Princess Grill na Queens Grill, wakiwa pia na sehemu yao ya sitaha. Sipendi jambo hili, na kulificha nisingeweza. Lakini nakiri kwamba si kama zamani, abiria wa chini walipofungiwa milango wasione hata bahari kutoka mahali pazuri. Leo maktaba ni ya wote, kumbi za michezo ni za wote, na sitaha ya saba, ambayo ni njia ya mbao inayoizunguka merikebu nzima, ni ya kila mwenye miguu.

Yaliyobadilishwa ndani nitayapita kwa haraka, kwa kuwa picha husema zaidi. Katika ukumbi wa kuingilia ziliondolewa lifti za vioo, na mahali pale pakapata pumzi. Bustani ya Baridi, ukumbi ambao haukupata kupendwa sana, ulifanywa baraza jipya lililopewa jina la Carinthia, jina la merikebu za zamani za kampuni hiyohiyo, na humo watu hukaa asubuhi kwa kahawa na mikate myepesi. Ukumbi wa chakula cha kujipakulia ulipangwa upya, misongamano ikapungua. Kitu kimoja lakini kitamshangaza mtu wa kwetu: juu, sitaha ya 12, vipo vibanda vya mbwa na paka, ambavyo kutoka 12 viliongezwa vikawa 22, kwani chombo hiki huwachukua wanyama wa abiria wanaohama, na katika uwanja wao wa kutembelea pamewekwa nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani, ili kila mbwa apate kituo alichokizoea. Nilikwenda huko asubuhi moja nikamwona mzee amekaa chini, kichwa cha mbwa mkongwe kiko mapajani pake, wote wawili wamefumba macho katika upepo.

Watumishi wake wanakaribia 1,250, wametoka katika mataifa mengi ya dunia, na anasa yote niliyoisimulia huwategemea wao. Kitanda kilichotandikwa upya wakati mtu yuko chakulani, shaba iliyosuguliwa kabla ya alfajiri, kikombe kilichofika kikiwa moto: haya ni kazi ya watu wenye mikataba ya miezi mingi, waliowaacha watoto wao mbali. Posho ya utumishi huongezwa kila siku katika hesabu ya abiria, na nimesikia watu wakijadiliana jinsi ya kuiondoa. Msifanye hivyo, jamani. Jueni na majina yao. Yameandikwa vifuani mwao.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha safari, na ambalo hakuna fundi wa Hamburg awezaye kulipigilia msumari. Merikebu hii yaweza kwenda kasi ya maili 30 za baharini kwa saa, walakini safari ya zaidi ya maili 3,000 baina ya Southampton na New York huifanya kwa usiku saba, ingawa ingeweza kufika mapema, kwa sababu mwendo ukiongezwa kidogo mafuta huongezeka sana. Na kwa kuwa tofauti ya saa baina ya miji hiyo ni saa tano, basi katika siku tano za safari saa zote za merikebu hurudishwa nyuma usiku, na abiria hupata siku yenye saa 25. Sijapata katika maisha yangu zawadi nyingine ya namna hiyo. Mtu huamka akakuta saa moja imeongezwa katika umri wa siku yake, kesho yake nyingine, na kesho kutwa nyingine, wala hapana anayemdai. Alasiri, saa tisa na nusu, chai huletwa katika ukumbi mkubwa wa dansi na watumishi waliovaa glavu nyeupe, muziki ukipigwa taratibu. Asiyetaka chai huenda maktabani, kwenye maelfu ya vitabu, akakaa dirishani juu ya omo. Asiyetaka kitabu hukaa tu. Adhuhuri nahodha hutangaza mahali tulipo, upepo unatoka wapi, na kina cha bahari chini yetu, na watu walio katikati ya maongezi hunyamaza wakamsikiliza, kwa sababu ndiyo habari pekee ya siku ile.

Bahari hata hivyo ni bahari. Usiku wa tatu upepo wa magharibi ulitujia, na ingawa merikebu ina mapezi ubavuni ya kuzuia mrama, mapezi hayo huzuia kulala upande huu na upande huu, kupanda na kushuka kwa omo hayakuzuii. Mwenye kuogopa kutapika achague chumba cha katikati, cha sitaha za chini, asichague cha juu penye fahari wala cha mbele. Nilitoka sitaha ya saba asubuhi yake mapema, wachache tu tukitembea, kwa desturi ya wenyeji wa merikebu hii wasemao kwamba mizunguko mitatu yapita maili moja. Na nilipofika mahali ambapo ubavu wa chuma hupanda karibu na omo, nikaona hapana mtu, nikainamisha kichwa, nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Chini ya rangi mpya ilirudi sauti nene, ya kina, isiyo na mwanya. Bibi wa Unguja aliniona, naye hakucheka. "Kimeshiba?" akaniuliza, nikajua kwamba kwao pia walikuwapo mafundi.

Jioni zake zina sheria ya mavazi, na katika usiku wa sherehe waungwana huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Lakini vazi rasmi la taifa la mtu hukubaliwa pia, na hili nawaambia wenzangu ili wasiende kukodi nguo wasizozizoea. Nilivaa kanzu ya hariri ya maziwa, koti, na kofia ya vito iliyoshonwa Lamu, nikaingia Britannia, na watu watatu kwa nyakati mbalimbali waliniomba niwaeleze jinsi matundu yale yanavyotiwa kwa sindano. Baada ya chakula upo ukumbi ambao dari lake huteremshwa likawa mbingu ya nyota, wa kwanza wa aina yake kuwekwa katika merikebu, na wanaoutaka uchezaji huenda dansini. Mimi nilipenda kutoka nje, mpaka tezi, nitazame maji meupe yaliyotupwa nyuma yetu yakinyooka kuelekea mashariki hata gizani.

Usiku wa mwisho watu hawalali vyema. Merikebu hufika New York alfajiri, na lazima ipite chini ya daraja la Verrazzano, ambalo liliamua kimo chake hata kabla haijaundwa, kwa kuwa dohani yake ilikatwa fupi ili ipite. Na bado nafasi inayobaki juu ni ya mita chache tu, hata anayetazama kutoka sitaha ya juu huapa kwamba tutagonga. Tulisimama wengi, tumejifunga mablanketi, daraja likaja na taa zake, likafunika mbingu, likapita. Hakuna aliyesema neno. Kisha honi ikalia. Moja ya honi zake ilitolewa katika Queen Mary ya zamani, ile ambayo tangu 1967 imetia nanga Long Beach, California, na mlio wake hufika maili kumi. Ulitupita miilini, ukaenda ukagonga majengo ya ng'ambo, ukarudi.

Bibi alikuwa ubavuni pangu, amejitanda mtandio wake wa kijani mpaka kidevuni, akitazama saa yake ya mkononi badala ya mji. Nikamuuliza kama ameirudisha saa sawasawa kila usiku, maana mjukuu wake angekuja kumpokea kwa saa za Marekani. Akanishika mkono akanielekezea uso wa saa karibu na taa ya sitaha. Ilikuwa haijarudishwa hata mara moja, wala haikuwa ya Southampton. Ilikuwa ya Unguja, saa sita u nusu mchana.

"Sasa hivi," akasema, "Malindi wanaadhini adhuhuri."